Sorry ya Dereva

Émerance aliteleza kwenye matope, miguu ikatangulia, na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikamtoka kichwani. Kila siku alipika nyumbani kwake Kampemba na kuwapelekea chakula wapakuzi na madereva kwenye maegesho ya malori. Leo sombe yote ilikuwa chini, na kuku walikwisha kuiona.

"Sorry, mama! Sorry, sorry!"

Aliyepaza sauti ni dereva mnene kutoka Zimbabwe, aliyekuwa amechuchumaa kando ya gurudumu la lori lake. Alikuja mbio kumwinua.

Ruphin, mpakuzi aliyejisifu kujua Kiingereza, akadakia. "Munasikia? Sorry ni pardon! Anakubali makosa. Ni yeye alimusukuma mama!"

Watu wakajaa. Ruphin akachomoa ufunguo wa lori. Walikuwa na njaa, na sasa wamepata wa kumlaumu. Dereva alizidi kusema sorry, na kila sorry ilimzamisha zaidi.

"Mama, sema tu ni yeye," Ruphin alinong'ona. "Atakurudishia vyote."

Émerance aliitazama sombe aliyoitwanga tangu alfajiri. Kisha akasema, "Hapana. Haiko yeye. Matope njo ilinitupa. Yeye alikuwa kule kwa pneu."

"Sasa anaomba pardon ya nini?" Ruphin aliuliza.

Kambale, mfanyabiashara wa Butembo aliyekuja kupokea mzigo wake, akaangua kicheko. "Kwabo, mutu akianguka wanamwambia sorry. Iko pole! Hata kama mvua njo ilikuangusha."

"Neno moja, pardon na pole?" Émerance aliuliza.

"Na asipokusikia, anauliza: sorry?"

"Maskini! Maneno iliwaishia!" Émerance alicheka mpaka goti alilojigonga likamuuma, na umati ukacheka naye.

Ruphin akamrudishia dereva ufunguo, macho chini. "Sorry," alisema. Akawageukia wenzake: "Ile ya pardon."

Émerance akaagiza unga na mbabula, jiko lake la makaa, viletwe kutoka nyumbani. Maji yalipochemka, dereva akamwomba mwiko kwa ishara, akapiga magoti, akaanza kusonga bukari kwa mikono miwili, jasho likimtiririka. Émerance aliinama kuangalia, akaongeza unga kidogo. Wapakuzi walisogea karibu na moshi, wakishika sahani zao tupu.