Joto la Mama Prisca

Sindano ya tatu ilikuwa ichomwe Jumatatu. Jumapili, tulipotoka misa tu, nikatangaza: siendi. Mke wangu Theresia alikuwa anachambua mchicha mlangoni, hakuinua hata kichwa.

"Kansa imeshafika kwenye mifupa, Baba Prisca," akasema. "Daktari alisema sindano ndiyo inayoishika. Ukiacha, unaifungulia mlango."

Najua! Picha niliiona mwenyewe: kiuno, mgongo, mbavu mbili, madoa meusi tupu. Ilianzia kwenye tezi dume, ikahama bila kuniaga. Nimekatazwa kubeba hata ndoo, mimi Gervas niliyeshusha matenga ya kabichi kutoka huku mlimani mpaka sokoni Morogoro. Hilo nimelimeza. Maumivu nayo yana vidonge vyake. Kilichonishinda ni malaria.

Maana tangu nianze sindano hizo, miezi sita sasa, homa inanipanda mara tano, mara sita kwa siku. Moto unaanzia kifuani, unakwea shingoni, jasho linanitoka chapachapa, halafu nabaki natetemeka. Nimepima malaria mara tatu, hawaioni. Nikanunua dawa mseto hivyo hivyo, nikameza, wapi! Basi nikajua malaria hii inaletwa na sindano, na zitaniua kabla ya ugonjwa wenyewe.

Wakati nafoka hivyo, ikanipanda tena. Nikavua shati palepale uani. Theresia akaweka mchicha chini, akanitazama ninavyotiririka, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mlango.

"Ala! Mgonjwa anachekwa?"

"Hiyo si malaria," akasema, anafuta machozi. "Hiyo ni yangu. Ya wakati ule nimekoma hedhi, umesahau? Si walisema sindano inazima homoni za kiume? Basi umefika kwangu, mzee. Karibu."

Nilikumbuka vizuri sana. Alikuwa anaacha jembe katikati ya tuta, anakwenda kutumbukiza miguu kwenye mfereji wa bustani, na mimi nikimwita mvivu mbele za watu. Mvivu!

"Ilikukaa muda gani?"

"Miaka minne."

"Na matenga ulikuwa unashusha?"

"Kila Ijumaa. Kwani kabichi zilikuwa zinanisubiri nipoe?"

Miaka minne, jamani. Mimi miezi sita tu nimeshatangaza kufa. Nyuma yake mawingu yalikuwa yamefunguka, Uluguru yote iko wazi mpaka msituni kileleni, mlima ambao nimezaliwa nao na bado hunitisha. Siku hiyo sikuutazama. Nilimtazama yule mwanamke mfupi mwenye mchicha vidoleni. Haki ya Mungu, nilimwogopa.

"Njoo," akasema.

Tukashuka polepole, mimi na fimbo yangu, mpaka kwenye mfereji. Pana jiwe bapa pale ambalo siku zote nilidhani limeletwa na mvua. Kumbe alilibeba yeye.

"Kaa. Miguu ndani."

"Yesu na Maria!" Maji yale yanatoka msituni, baridi yake inaingia hadi kwenye meno. Nikalisikia joto linaniteremka kifuani, tumboni, magotini, likaondoka na maji. Chini kabisa, kule mjini, mabati ya nyumba za Kilakala yalikuwa yanametameta.

"Mbona hukuniambia?" nikauliza baadaye.

"Nilikuambia. Ukaninunulia dawa ya malaria."

Nikasogea, akakaa, akaingiza na miguu yake.

Jumatatu tulikuwa hospitali mapema, wote wawili. Daktari, binti mmoja anaitwa Neema, akaniamkia shikamoo, akauliza kama sindano zinanisumbua kwa lolote.

"Marahaba. Hamna," nikasema.

Theresia akakohoa.

"Lipo," nikasema. "Joto. Mke wangu alikaa nalo miaka minne peke yake." Nikapandisha shati. "Choma, mwanangu. Mimi sipo peke yangu."