Kiti cha Safu ya Pili

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu rais mgeni aliyekuja kulihutubia Bunge alikuwa amekwisha kutufikia kabla, na mwenyeji hakupona. Ndege zake ndizo zilizoipiga hospitali ya nchi jirani alikokuwa akitibu majeruhi daktari mmoja, kaka wa mbunge mwanamke wa Bunge hilo hilo, mtoto wa kiume wa pekee wa mama yao. Hata mwili haukurudi. Sasa rais huyo anatandikiwa zulia jekundu, na waheshimiwa wameagizwa wapige makofi.

Mbunge aliapa hatakwenda. Mnadhimu wa chama alikuja kumbembeleza, akaishia kumtisha kwamba uchaguzi ujao asitegemee jina lake kupitishwa. Mbunge alimjibu kuwa mgeni atakihutubia kiti kitupu, na nchi nzima itakiona.

"Mama, leo sisemi mimi," alimwambia mama yake asubuhi ile. "Kitasema kiti."

Mama, ambaye tangu msiba maneno yalikuwa yamemkauka, alitafuta miwani yake mwenyewe, akavuta kiti mpaka karibu na televisheni. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi kumwona akingojea kitu, na mbunge aliona fahari moyoni.

Wifi yake, mjane wa kaka, hakukaa nao. Baada ya matanga mbunge alimpigania akapata ukarani pale pale bungeni, na siku hiyo alikuwa zamu. Mbunge alimshauri ajifanye mgonjwa. Wifi alisema kibarua kikiota nyasi watoto watakula nini. Yeye atajifungia ofisini na mafaili yake, ukumbini hata hatachungulia.

Hotuba ikaanza. Mgeni alizungumzia amani, kwa sauti tamu ya muuza dawa za uongo. Makofi yakalipuka, kamera ikazunguka ukumbini: mawaziri, safu ya kwanza, safu ya pili. Mbunge alisogea mbele kukionyesha kiti chake kwa kidole.

Kilikuwa na mtu.

Hapo ndipo akili ilipomrudia. Bunge lile halikubali pengo mbele ya wageni. Mbunge akikosekana, makarani hukusanywa ofisini na kukalishwa ili picha ipendeze. Alikuwa akiijua desturi hiyo vizuri kuliko wengi. Mwenyewe aliwahi kuitania, akisema makarani nao wapate ubunge wa saa moja. Hasira ilikuwa imemjaa mpaka akaisahau.

Mama alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa tena.

"Huyu si mkwe wangu?"

Alikuwa ndiye. Wifi aliketi wima, macho kayainamisha, na afisa mmoja wa Bunge alikuwa amesimama nyuma ya safu akiwatazama makarani wake. Wenzake wote walikuwa wanapiga makofi. Naye akainua mikono, akapiga, polepole, akimpigia mtu aliyemfanya mjane.

Mbunge aliinuka azime televisheni. Mama akamshika mkono, akamzuia, macho yakiwa bado kwenye picha.

"Bora ungekwenda wewe, mwanangu," alisema. "Wewe ungeweza kukataa kupiga."