Milioni Moja na Moja

Binti yao walimwita Kiroboto kwa sababu hakuwahi kutulia mahali. Saratani ya damu ilimpata akiwa darasa la tano, na madaktari wakamweka chumba cha peke yake, maana hata mafua yangeweza kumwondoa. Wazazi waliingia kwa zamu, pua na midomo vimefunikwa.

Baba yake, kinyozi, alimnyoa mwenyewe nywele zilipoanza kupukutika. Mama yake, mwalimu wa hesabu, alimpelekea kalamu za ubaoni na swali: je, milioni moja na moja ni namba tasa? Yaani, ukiacha moja na yenyewe, hakuna namba inayoigawanya bila kubakiza kitu?

"Tasa?" Kiroboto alicheka. "Maskini! Kwa hiyo haizai?"

Mama alicheka naye, ingawa neno lilimkwaruza. Kabla ya kumpata Kiroboto, mawifi zake walimwita hivyo miaka nenda rudi, tena yeye akisikia.

"Nitaitafutia watoto," mtoto akasema.

Akaanza kugawanya kwenye kioo cha dirisha. Kwa tatu, ikabaki mbili. Saba, mbili. Kumi na moja, mbili. Kumi na tatu, mbili tena.

"Ona, mama. Kila nikigawanya, mnabaki nyinyi wawili."

Mama akainama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Kiroboto akaendelea. Siku za nguvu alijaza kioo, siku za homa hata kalamu hakuigusa. Baba akamvuta mkewe koridoni.

"Si umwambie tu jibu? Mtoto anachoka."

"Akilijua, kesho ataamka afanye nini?"

Asubuhi moja Kiroboto akapiga simu, sauti imemkauka. "Mama! Mia moja na moja! Mara elfu tisa mia tisa na moja, haibaki kitu! Si tasa!" Wauguzi walisikika wakipiga makofi. "Na hii elfu tisa mia tisa na moja, nayo inagawanyika?"

Mama hakuwahi kuijaribu. "Tutaiangalia kesho, mwanangu. Pamoja."

Hiyo kesho haikuwakuta watatu.

Baada ya mazishi, waombolezaji walipotawanyika, mama aliketi mezani akaigawanya ile elfu tisa mia tisa na moja. Alijua mwisho wake: kama hakuna kigawanyo chini ya mia, basi hakipo kabisa. Tatu, ikabaki moja. Saba, ikabaki tatu. Akaenda hadi tisini na saba. Ikabaki saba.

"Vipi?" mumewe akauliza.

Jibu lilikuwa neno lile lile la mawifi zake. Akatikisa kichwa. Mumewe, ambaye hesabu zilimpiga chenga tangu shuleni, akaichukua kalamu mkononi mwake taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto wembe.

Jumatatu mama alirudi kazini. Kiranja akasimama. "Pole sana, Mwalimu." Darasa zima likaitikia.

"Asanteni, wanangu," akasema, na hapo ndipo kilio kilipompata.