Kidole cha Penina

"Huendi, nimesema huen—"

"Bibi, miwani yangu iko wapi?"

"—di popote! Miwani gani? Tangu lini unavaa miwani?"

"Ya majini, Bibi, usijifanye—"

"Mambo ya majini mimi siyajui."

"Umeificha!"

Bibi Hana na dada yangu Penina walikuwa wanagombana sebuleni kwetu Nzuguni, hata hawasikilizani, Jumapili, wametoka kanisani sasa hivi. Mimi nimekaa mlangoni kimya kama sihusiki. Nahusika sana. Miwani ilikuwa kwenye ndoo ya unga wa uwele, nilimwona Bibi akiizika. Na aliizika kwa sababu yangu.

Penina anapenda kuzama na kubana pumzi. Alijifunza alipokuwa anafanya kazi Tanga, akarudi nayo huku kwetu, ambako hata mto ni mchanga mtupu. Halafu neva zake zikaanza kuumwa. Mimi niliyeacha uhandisi wa umeme mwaka wa tatu naelezaga hivi: waya upo, ila ganda linachubuka. Amri inatoka kichwani, inafika mguuni imechelewa, au haifiki kabisa. Na haiponi. Jua la saa nane likimpata, anatembea kama katoka kilabuni. Kwenye maji ya baridi, anasema, miguu inarudi kuwa yake. Daktari alijikuna kichwa, akakubali: maji ya kifuani tu, asiwe peke yake, na mwili ukigoma atoke.

Wa kukaa naye ni mimi. Analaza uso majini, kila nusu dakika namgusa bega, ananyoosha kidole. Maana yake yuko sawa.

Sasa mwezi uliopita nikampiga picha kajilaza kifudifudi juu ya maji ya bwawa, nikamtumia Bibi bila neno hata moja. Bibi na mjukuu ni watani, nikajua atacheka. Akaja na bodaboda tatu na akina mama wa kwaya, wameanza kulia tangu getini. Penina alikuwa pembeni anakunywa soda.

Toka siku hiyo, marufuku.

"Na mlinzi wako ndio huyu?" Bibi akaninyooshea mkono. "Aliyeniliza mbele ya kwaya? Joshua akisema kuna jua, mimi natoka nje kuhakikisha."

"Basi njoo uhakikishe," nikasema. "Ukiona utani, hiyo miwani naichoma mwenyewe."

"Na kuni utazitoa wapi, mume wangu?"

Kaniita mume. Nikajua kuna matumaini. Nikaenda kwenye ndoo ya unga.

Bwawa ni la hoteli moja mjini. Anayelisimamia anaitwa Nurdini.

"Mbukwa!" Bibi akamsalimia Kigogo.

"Shikamoo, Bibi. Karibu, ila kwa kitenge huingii majini. Ni bukta au nguo za kuogelea."

"Nani kakwambia naingia? Nimekuja kuwaangalia wajinga." Akavuta kiti mpaka ukingoni kabisa.

Tukaingia majini, mimi na bukta yangu. Penina akavuta pumzi, akalaza uso. Nusu dakika, nikagusa bega. Kidole juu.

"Umeona?" nikamwambia Bibi.

"Nyamaza, hesabu."

Dakika moja. Nikagusa. Hakuna kidole. Nikagusa tena. Hakuna.

Nikamnyanyua. Akatoka anakohoa, kakasirika.

"Unanitoa ya nini? Nimenyoosha!"

"Hujanyoosha."

"Joshua, acha utani wako, nimenyoosha kidole!"

"Sitanii, dada."

Akamgeukia Bibi. Bibi akatikisa kichwa. Penina akautoa mkono majini, akautazama. Kidole kimelala. Akakiamuru mbele yetu, kikakaa kimya, halafu baadaye sana kikanyanyuka kidogo, kivivu, kama mwanafunzi asiye na jibu.

Siku nyingine ningetania. Nikabaki nimemshika bega.

"Basi," Penina akasema taratibu. Akavua miwani, akamwekea Bibi miguuni. "Irudishe kwenye unga. Siji tena."

Nikangoja Bibi aseme "niliwaambia." Alikuwa na haki yote.

Bibi akaiokota miwani, akaifuta kwa kitenge.

"Kidole kimekataa. Mguu je?"

"Mguu?"

"Piga teke, tuone."

Penina akapiga. Maji yakamrukia Bibi usoni, Nurdini akaruka nyuma.

"Mguu unasikia," Bibi akasema. "Leo hulali tena majini, daktari kasema. Wiki ijayo utajibu kwa mguu. Ila macho mawili hayatoshi, tena macho yenyewe ya huyu."

"Nimemtoa, Bibi!"

"Umemtoa, nimeona, asante." Akavua viatu, akaanza kufungua kilemba. "Mimi nitakaa upande wa pili. Nifundishe leo leo bega linaguswaje."

"Bibi," Nurdini akasema, "nilikwambia, kitenge hapa—"

"Nilikusikia, mwanangu." Akanigeukia, kanyoosha mkono. "Mume wangu, vua hiyo bukta unipe."