Muhula wa Linda

Mie sikusoma sheria, na maneno makubwa hayanibabaishi. Nilichotaka ni maiti ya mwanangu, basi.

Linda alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, akafia huko. Tukaambiwa yumo chumba cha maiti, karatasi hazijakamilika. Karatasi zipi, hakuna aliyejua. Nasi hatuanui matanga bila kuzika, kwa hiyo hapa Mtongwe mie nikabaki nalala mkekani, kitanda nimekiegemeza ukutani.

Ndipo akaja Mwarandu, mtoto wa jirani yangu, anayefundisha sheria ya kimataifa chuo kikuu. Akanipa shikamoo, akaketi nami chini.

"Mama Linda, wanafunzi wangu wanakariri mikataba kama kasuku, hawajui inamfaa nani. Muhula huu nataka wasome kwa jambo lililo hai. Njoo uwasimulie."

"Lililo hai? Mwanangu amekufa, Mwarandu!"

Akainamisha kichwa. Lakini nilikwenda. Ningekwenda popote.

Jamani, wale watoto walinisikiliza! Hakuna ofisi iliyowahi kunisikiliza vile. Niliposema Linda ndiye aliyekuwa akinisuka nywele kabla ya kanisa, binti mmoja, Cheryl, alilia hadi akatoka nje. Wakagawana kazi: hawa wasome mkataba wa mabalozi, hawa haki za wafanyakazi, hawa wauandikie ubalozi wetu wa huko. Cheryl akawa ananipigia simu. "Mama, wametujibu. Mama, wanatafuta faili. Mama, tutamleta." Nikamtuma kakangu Tinga kwetu Kaloleni, akafyeke mahali pa kaburi.

Kisha simu zikakoma. Nikajiambia, labda wana mitihani.

Siku moja nikamkuta Cheryl Likoni, kwenye foleni ya feri. Akanikumbatia kwa furaha. "Mama! Kikundi chetu kilipata alama za juu kabisa!"

"Na Linda?"

Akaniachia. "Muhula uliisha, Mama. Nilidhani Mwalimu anaendelea."

Nilitaka kumtukana, haki ya Mungu. Lakini yeye alianza kulia kabla yangu.

Mwarandu ndiye aliyezipata hasira zangu. Nilimwambia yote yaliyokuwa yamenikaa rohoni. Akasema ameendelea kuandika peke yake, hajapata jibu la maana. Ubalozini amekuja afisa mwingine, anataka mambo yaanze upya.

"Niliwaza vipi watajifunza," akasema. "Sikuwaza wakishajifunza wewe utabaki na nani. Jumatatu naanza na darasa jipya, lakini sina uso wa kukuomba tena."

Jumatatu nikavaa gauni la kanisa, nikaenda. Sura zote ngeni, kalamu tayari mikononi. Mkeka wangu bado umetandikwa, na Tinga anasema kule Kaloleni majani yameota tena.

"Kabla sijasema neno," nikawaambia, "muhula wenu unaisha lini?"

Wakatazamana. Mmoja akasema, Aprili.

"Basi tuharakishe," nikasema. "Mwanangu aitwa Linda."