Namba Mbili Mstarini

Miguu ya Trevor Haddlesey ilianza kumsaliti tangu chumba cha kupakwa poda. Alikuwa fundi wa kutandika mazulia kule Wolverhampton, mtu wa miaka sitini na moja, na mwaka 1984 aliimba wimbo mmoja uliopendwa Uingereza nzima kwa wiki sita. Mmoja tu. Wa pili haukununuliwa hata na mama yake.

Sasa kipindi cha televisheni cha kuchekesha kwa mambo ya muziki kilikuwa kimemwita London, kwa ule mchezo wao wa mstari. Mwanamuziki aliyesahaulika husimamishwa pamoja na watu wanne waliokodiwa kwa kufanana naye, kisha jopo la pande mbili likisie yupi ni yupi, huku likiwakejeli wote bila huruma.

"Ya kale hayapo, Baba," binti yake Bryony alikuwa amemwambia garini. "Watakucheka mpaka wachoke."

"Wacha wacheke. Ninachoogopa ni wasinijue. Nataka mtu mmoja tu anikumbuke, Bry. Mmoja, nirudi zangu nyumbani."

Bryony akamfunga kifungo cha koti.

Taa za studio zikawaka. Trevor alikuwa namba mbili. Namba tatu, kulia kwake, alikuwa Norris, tarishi mstaafu wa Luton, aliyevaa koti la zambarau kama lake na kusimama kwa raha kama yuko sebuleni kwake. Trevor alimwonea wivu waziwazi. Yeye jasho lilikuwa limeshafika kiunoni.

"Haya, babu zangu, geukeni kidogo tuwaone!" mtangazaji alisema. "Namba tano, pole sana. Una sura ya mtu aliyefukuzwa matangani."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mchekeshaji mmoja wa jopo akamchagua Norris palepale. "Mtazameni anavyosimama! Huyo ni nyota, bwana."

Ndipo Kirsty, mwanamuziki kijana aliyekuwa kiongozi wa upande wa pili, akamnyooshea kidole.

"Mimi nasema namba mbili."

"Aliye halisi asogee mbele!" mtangazaji akaamuru.

Namba moja akajifanya anasogea, akarudi. Norris naye akafanya hivyo, maana ndiyo desturi ya mchezo. Trevor akapiga moyo konde, akaenda hatua moja. Makofi yakavuma. Alijulikana! Macho yakamlowa, akamtafuta Bryony kwenye viti, asimwone kwa ukali wa taa.

"Kirsty, umemjuaje?"

"Kumjua? Simjui hata kidogo, samahani mzee wangu. Nimeona anatetemeka. Hao wengine wamekuja kutembea tu. Kwani uliimba nini?"

Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya mchana ule. Trevor naye alicheka, kwa kuwa kamera ilikuwa puani mwake, lakini kicheko kile kilimuuma mpaka kwenye mifupa.

"Basi tuimbie kidogo, tukumbuke," mtangazaji akasema.

Akafungua mdomo. Wimbo aliouimba kila siku akiwa amepiga magoti juu ya mazulia ya watu ukamtoroka wote, neno kwa neno. Mtu mmoja akakohoa.

Nyuma yake sauti ikaanza, nzito, ya chini, isiyo na haraka. Ilikuwa ya Norris. Aliimba ubeti wa kwanza bila kukosea, akaingia wa pili, ule ambao redio zilikuwa zikiukata siku zote, ubeti unaojulikana tu na mtu aliyenunua sahani ya santuri yenyewe na kuisikiliza mpaka mwisho.

Trevor akageuka, akaipa kamera mgongo. Mtangazaji akamwita, hakumsikia. Alikuwa akimtazama tarishi wa Luton machoni, wakiimba pamoja.