Bendeji ya Madame Berthe

Madame Berthe hakuwa mtu wa kuonea huruma mikono ya watu. Wanafunzi wake wa unesi kule Mususa, mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, walichoma sindano kwenye shina la mgomba mpaka utomvu ukawaharibia nguo, kisha kwenye machungwa, kisha wenyewe kwa wenyewe, na aliyelalamika alirudishwa kwenye mgomba. Mkono haufundishwi kwa mdomo, alikuwa akiwaambia. Na ukali huo ulikuwa na sababu. Vita vilipoanza, askari waliokuja kupora dawa walimvunja kifundo cha mkono wa kulia kwa kitako cha bunduki. Tangu hapo mkono ule ulitetemeka hata akishika kikombe cha chai. Kama alitaka kuendelea kuuguza watu, ilimbidi atumie mikono ya wengine.

Katika mikono yote hiyo, uliomnyima usingizi ulikuwa wa Joyeuse. Binti huyo alikuwa mashoto. Sasa, Butembo nzima hakuna anayempa mwenzake kitu kwa mkono wa kushoto akabaki na heshima yake, na mama akiletewa kidonge kwa mkono huo atakutazama kama umemtukania wazazi. Basi kila siku ya mazoezi Berthe alichukua bendeji, akaufunga mkono wa kushoto wa Joyeuse nyuma ya mgongo, akakaza, akamwambia aanze. Miaka mitatu alifanya hivyo. Hakumchukia hata kidogo. Alimpenda kuliko wote, na kwa sababu hiyo alimkazia kuliko wote.

Mkono wa kulia ukajifunza. Ulichoma, ulishona, ulifunga. Ila Joyeuse akijua anatazamwa, mkono ule uliganda kwanza, kama mtoto aliyeitwa na baba yake asijue kosa lake ni lipi.

Mwaka wa 2001 mtihani wa mwisho ulifanyikia Beni, kwenye hospitali waliyopangiwa na waasi walioshika mji. Berthe na wanafunzi wake walipanda lori la samaki kutoka Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi, wakapita vizuizi vya askari roho mkononi, wakafika wananuka tilapia. Wenzake Joyeuse walimaliza siku ya kwanza. Yeye alibaki wa mwisho. Zahanati ya Kyavinyonge haikuwa na nesi hata mmoja, na wavuvi walikwisha kumchagulia nyumba. Kilichobaki ni afaulu tu.

Msimamizi alikuwa Monsieur Gérard, mkaguzi wa elimu, mwalimu wa zamani wa historia na jiografia aliyependa taratibu kuliko chakula. Alikuwa ameweka sheria moja: mwalimu asimame kando, asiseme neno, asimguse mwanafunzi. Akisema au akigusa, mwanafunzi anapata sifuri na kurudia mwaka ujao. Kama mwaka ujao barabara itakuwepo, Berthe aliwaza, lakini alikubali kwa kichwa.

Asubuhi ile milio ya bunduki ilianza upande wa barabara ya Kasindi. Majeruhi wakaletwa kwa machela na kwa baiskeli, na daktari akajifungia nao katika chumba cha upasuaji pamoja na manesi wote. Mgonjwa aliyechaguliwa kwa ajili ya Joyeuse, muuza makaa mwenye mishipa minene kama kamba, aliposikia milio hiyo alitorokea dirishani na wala hakuaga. Kitandani pake alikuwa ameketi mwanamke mwenye mtandio, Aisha, aliyekimbia kutoka njia ya Kasindi akimbeba mwanawe Jamali. Mtoto hakuwa amefikisha mwaka. Alikuwa ameharisha na kutapika njia nzima.

Berthe alimfinya ngozi ya tumbo kidogo, akaachia. Ngozi ikabaki imesimama. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama ndani, na alipolia hapakuwa na chozi.

"Mama, fanyeni mbio," Aisha alisema. "Tangu jana hakojoe."

"Cas ni cas, mugonjwa ni mugonjwa," Gérard akatamka. "Candidate atamuwekea serumu huyu mutoto."

"Monsieur l'inspecteur, mutoto amekauka hivi, hata nesi wa siku nyingi anaweza kukosa mushipa."

"Donc umuwekee weye mwenyewe, Madame. Ao mie?"

Berthe aliutia mkono wake wa kulia mfukoni. Kisha akarudi nyuma mpaka ukutani, mahali pa mwalimu.

Kabatini zilikuwa zimebaki sindano mbili tu za watoto, zile nyembamba zenye mabawa. Joyeuse alinawa, akapanga vitu vyake, akaanza kuutafuta mshipa juu ya kiganja cha mtoto. Bila kufikiri aliutafuta kwa kidole cha kushoto. Aisha akamvuta mwanawe kifuani.

"Hapana na ile mukono, dada. Tafazali."

Joyeuse akaurudisha mkono nyuma ya mgongo, palepale ulipokuwa ukifungwa. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Berthe alimwona, na ingawa alipaswa kufurahi, kitu kilimchoma.

Mkono wa kulia ukaichukua sindano. Ukaganda. Berthe aliukazia macho, hakutazama kitu kingine, kama alivyoutazama miaka yote ile. Ngozi ikatobolewa, damu ikachungulia kwenye kimrija, halafu pale pale kiganja kikaanza kuvimba na kuwa cha buluu. Mshipa ulikuwa umepasuka.

"Ya kwanza imekufa," Gérard akasema.

Nje kitu kizito kililipuka, na vioo vikalia. Aisha akaanza kuomba dua kwa sauti ndogo. Jamali alikuwa ameacha kulia, na kimya kile ndicho kilichomtisha Berthe kuliko mlipuko. Alikijua. Mtoto anayelia bado anapigana. Aliyenyamaza hivi anaondoka.

Joyeuse alinyoa nywele kidogo juu ya sikio la mtoto, akafunga kichwa chake kwa mpira mwembamba. Mshipa ukajitokeza, wa kijani, mwembamba kama uzi. Sindano ya mwisho ilikuwa mkononi mwake wa kulia, na ncha yake ilikuwa ikicheza. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Akasita. Akainama, akageukia mtoto, mgongo wake ukamziba Berthe asione vizuri.

Amekata tamaa, Berthe akawaza. Akilini alimwona mtoto akifa kitandani pale, sindano nzima ikiwa mikononi mwa msichana anayeweza, ambaye mkono unaoweza alikuwa ameufunga yeye, Berthe, kwa bendeji nyeupe na nia njema. Mambo ya sheria yakamtoka kichwani. Alivuka chumba, akamshika Joyeuse kifundo cha mkono wa kulia, akakikandamiza kitandani kwa nguvu zake zote, kusudi aelewe bila kuambiwa: huu sasa nimeufunga, tumia ule mwingine.

Mkono aliokamata ulikuwa mtupu. Hakulijali hilo.

"Madame!" Gérard akafoka.

Joyeuse aliutikisa mkono mara moja ili aachiwe, Berthe akazidi kukaza. Basi msichana akaacha kupambana naye. Akasema taratibu, bila kuinua macho, "Mama Jamali, vuta ngozi. Hapa, nyuma ya sikio. Ivute, usiogope."

Aisha aliutazama mkono wa kushoto wenye sindano. Alimtazama mwanawe. Kisha akaweka kidole na kuvuta ngozi.

Sindano iliingia taratibu, bila tetemeko lolote. Damu ikapanda kwenye kimrija, nyekundu na safi. Joyeuse akafungua ule mpira, akaunganisha mrija wa serumu, na matone yakaanza kuanguka kutoka kwenye chupa, tone baada ya tone. Hapakuvimba.

Berthe akamwachia. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani, na alicheka na kulia kwa pamoja, jambo ambalo hakuna mwanafunzi wa Mususa angeliamini kama angesimuliwa.

"Sifuri," Gérard akasema. Hakuwa na furaha. Hata sauti yake ilikuwa imepungua. "Madame, umemugusa candidate."

"Sifuri unipe mie."

"Weye hauko candidate."

"Mutoto anapona, Monsieur l'inspecteur. Unamuona."

"Namuona. Mais kama naachia hii, kesho kila mwalimu atashika mukono ya mwanafunzi wake, na hatutajua nani anajua kazi." Akakusanya karatasi zake. "Angefanya yeye peke yake, ningemupa zote."

Akatoka. Wala hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililouma. Berthe akamgeukia Joyeuse.

"Usilie, binti yangu. Nilikuona umeshindwa. Ningefanya nini? Ilibidi mutu akupe ruhusa ya kutumia ile mukono."

Joyeuse hakuwa analia. Alikuwa akibandika plasta juu ya mabawa ya sindano, polepole, kwa vidole vya kushoto.

"Sikushindwa, Madame."

"Uliinama."

"Niliinama sababu napitisha sindano mu kushoto. Nilishaipitisha kabla ufike. Mukono ya kuume ilikuwa inaenda kuvuta ngozi, ndo ukaikamata." Akaikata plasta kwa meno. "Nilitaka uniache tu."

Berthe akakumbuka kile kifundo alichokikandamiza, na kiganja kitupu kilichofunguka chini ya vidole vyake. Alikuwa amekiona. Miaka mitatu alitazama mkono mmoja wa msichana huyu, na siku ambayo ule mwingine ulijifungua wenyewe, yeye alikuja akaufunga huu wa kulia.

Jamali akakunja uso na kulia. Aisha akampangusa shavu, kisha akawaonyesha wote wawili kidole chake. Kilikuwa kimelowa.

"Nahesabu matone," Joyeuse akasema. "Niazime saa, Madame."

Berthe akaivua saa yake, akamnyooshea. Joyeuse akaipokea kwa mkono wa kushoto.